Fundi Hemedi na Ndege wa Njia ya Uroa

Mmeniuliza wiki nzima sasa, huyu asubuhi, yule jioni: "Kombo, kulikuwaje huko Uroa? Mbona umerudi umefunga mdomo kama kasha la bibi harusi?" Nikawazungusha, nikajifanya kahawa inachemka. Leo nayaandika, kwa huu mwandiko wangu wa kisomo cha ukubwani, herufi moja inakwenda Malindi na nyengine Vuga. Kuyasema kwa mdomo siwezi. Nikifungua mdomo tu nyinyi mshaanza kucheka, na mkicheka na mimi ntaanza kuchekesha, na hii si ya kuchekesha. Kuongeza ntaongeza, ndivyo nlivyozaliwa. Lakini pale pasipoongezwa kitu ntakwambieni.

Kabla ya kutoka

Fundi Hemedi jirani yangu pale Kajificheni, mfua masufuria. Miaka arubaini kagonga shaba na bati mpaka masikio yakasema basi, sisi tushachoka. Leo mzinga ukilia ubavuni mwake ataona moshi tu. Lakini macho! Yule anamuona sisimizi anayepiga miayo juu ya mnara wa msikiti. Na tangu masikio kufa, macho yake kayapeleka kwa ndege. Anasema ndege hana haja ya kusikiwa, kila anachotaka kusema anakisema kwa shingo na mkia.

Ana mtoto mmoja tu, Zuwena. Mwaka ule wa Mapinduzi Zuwena alimtaka Simai, mvuvi wa Uroa, na Fundi alikuwa keshamuahidi mtoto wa ndugu yake. Vuta nikuvute, mwisho ami mwengine wa Zuwena akasimama akamuozesha kwa Simai. Siku ile Fundi alitamka neno moja mbele ya mlango, "Sina radhi nawe," akarudi ndani kugonga sufuria. Miaka minane ikapita. Kwetu mnajua radhi ya mzazi ni kitu gani. Mtu anakosa mchele anaishi, akikosa radhi hata akilala hapumziki.

Basi siku moja alasiri akaja mtu kutoka Uroa na pakacha lake la pweza wakavu. Akakaa hapo kwenye kahawa yangu, akanywa vikombe vitatu, ndipo akasema:

"Zuwena anamsalimu baba yake. Hajambo. Hawezi kidogo tu, kalala siku hizi. Anaomba baba amuwie radhi, akipata nafasi."

Nkaenda mpaka karakana. Sasa tizameni. Kumpa habari Fundi Hemedi lazima upige kelele, na ukipiga kelele Kajificheni husemi na mtu mmoja, unasema na mtaa. Madirisha yote yana wanawake, chini wanacheza bao. Nani atakayesimama katikati ya njia akanadi ugonjwa wa mtoto wa mtu kama ananadi mnazi? Nkajishika. Nkapiga kelele:

"Zuwena hajambo! Anataka radhi yako! Ukipata nafasi!"

Mwisho. "Hawezi" nkaimeza, na "kalala" nkaimeza. Mimi ambaye maisha yangu yote naongeza, siku hiyo nlipunguza. Na ndiyo maana naandika.

Fundi aliweka nyundo chini.

"Radhi haitumwi ndani ya pakacha," akasema. "Ntakwenda mwenyewe. Kesho. Na wewe utanifuata."

"Gari linaondoka saa moja!" nkamwambia.

"Gari linanichefua. Ntakwenda kwa miguu. Miaka minane, Kombo, sijui hata naanzia wapi. Nataka njia ndefu nipate la kusema." Nkarudi kwenye kahawa, nkamtuma yule mtu wa pweza atangulie Uroa na habari: baba anakuja kwa miguu.

Mjini mpaka Mwera

Tulitoka baada ya Alfajiri. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, joto la kukaangia yai juu ya kipara, na masika yananukia kwa mbali. Fundi kavaa kanzu yake ya Idi na kofia mpya. Mkononi ana sufuria ndogo ya shaba, kaifua usiku uliopita, inang'aa kama jino la dhahabu. Ya Zuwena.

Hatujatoka Darajani, tushasimama. Paka kapata kichwa cha changu anakula, na kunguru wawili wako karibu. Mmoja akamzunguka nyuma akamvuta mkia. Paka akageuka kwa hasira, na yule wa mbele akanyakua kichwa cha samaki, huyoo. Kisha wakaenda kula pamoja juu ya paa. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamepanga," akasema. "Umewaona wakizungumza?"

"Nimewasikia!" nkampigia kelele. "Mmoja kasema, wewe vuta mimi nile!"

"Muongo mkubwa. Midomo yao ilikuwa imefungwa."

Basi hiyo ikawa mchezo wetu wa njia nzima. Yeye anaona ndege, ananiuliza analiaje, mimi natunga, yeye ananishika. Karibu na Welezo tukamkuta dudumizi kakaa kwenye kichaka, rangi ya kahawia, macho mekundu kama mtu aliyekesha kwenye ngoma.

"Huyo anasemaje?"

"Anaimba, Fundi! Sauti tamu, nimetaka kumtunza!"

"Uongo. Dudumizi akitaka kulia huinama kwanza, kama anachota maji kisimani, koo likajaa. Huyu bado. Ngoja." Tukangoja. Dudumizi akashusha kichwa taratibu, koo likavimba. "Sasa," akasema Fundi. Na wallahi, hapo hapo ndege akalia, du-du-du-du, kama maji yanayomiminika kutoka mtungi wa shingo nyembamba. Kiziwi kamwambia mwenye masikio lini asikilize. Hapa sikuongeza.

Tulipofika Mwera jua lishakuwa kali. Palikuwa na mama anauza muhogo wa kuchemsha kwa nazi na pilipili. Mimi namweleza Fundi bei kwa kelele, Fundi ananijibu kwa kelele kubwa zaidi maana hajisikii, na watu watatu wakaacha majembe wakaja mbio kutuamua.

"Wazee wazima mnagombana njiani!" akasema yule mama. "Hamwoni haya?"

"Hatugombani, mama. Twazungumza."

"Mazungumzo gani hayo ya mishipa ya shingo?"

"Ya dudumizi."

Akatutizama, kwanza mimi, kisha Fundi na sufuria yake ya shaba. Akatuongezea vipande viwili bila ya kuombwa, kwa namna watu wanavyowapa wenye shida ya kichwa. Tukala. Muhogo ule ulikuwa laini mpaka nkaona haya kuutafuna.

Koani mpaka Dunga

Kutoka Mwera kwenda juu njia ni tupu, minazi na mikarafuu tu. Hapo palikuwa hakuna dirisha wala bao. Hapo ndipo nlipotakiwa niseme. Nkajiambia: Kombo, sema sasa, mwambie mwanawe kalala. Nkafungua mdomo, na Fundi akanishika mkono.

"Kaa hapa."

Ulikuwa mnazi mmoja umejaa viota vya mnana, vinaning'inia kama taa za arusi. Madume ya manjano yanafuma. Fundi akanionesha mmoja: anakuja na ujani mrefu kinywani, anaupitisha huku, anautoa kule, anavuta, anakaza, hata shangazi yangu msuka ukili hamfikii. Akimaliza anajibanza chini ya kiota, anatikisa mbawa, anamwita jike. Jike likaja. Likaingia ndani, likatoka, likavuta ujani mmoja kwa mdomo kama mtu anayepima kitambaa dukani, likaruka likaenda zake.

Dume likaanza kukifumua kile kiota, ujani mmoja mmoja, mpaka kikabaki kijiti.

"Kakataliwa," nkasema.

Fundi hakuniuliza nlichosema. Alikuwa anatizama juu, mkono kaweka juu ya macho.

"Nimewatizama mnana miaka mingapi, Kombo? Jike linachagua, dume linafumua, linaanza tena. Kila mwaka nacheka. Leo ndo naona kwamba baba wa jike hayupo pale."

Akakaa juu ya jiwe. Akaanza kusema peke yake, kwa ile sauti yake ya kiziwi isiyojua kuwa inasikika mpaka Kizimkazi: "Nlimuonea mwanangu. Nlimuonea. Simai hakunikosea kitu." Akarudia tena na tena. Na mimi nkaona mtu huyu anapata maneno yake. Nkimtia habari ya ugonjwa atachanganyikiwa, maneno yatamtoka. Nkasema moyoni, ntamwambia kesho.

Jioni tulifika Dunga kwa Bi Kazija, jamaa ya marehemu mama yangu. Siku hizi mnajua mchele, unapanga foleni tangu asubuhi unarudi na kibaba cha chenga. Bi Kazija alitupikia wali wa nazi, wote aliokuwa nao, yeye akala mkate wa boflo na chai ya rangi akasema tumbo linamuuma na wali. Nkamwamini. Kisha akaniuliza:

"Huyo mwana wa Fundi hali gani?"

"Hajambo, Bi Kazija. Hawezi kidogo tu."

"Alhamdulillahi," akasema.

Sisi watu wa Unguja tumeumbwa hivyo. Mtu kaanguka mkarafuu, mguu uko huku na mwenyewe yuko kule, ukimuuliza hali atakwambia sijambo, nimeteguka kidogo. Hatutaki kumtia mwenzetu hofu. Tunaikata habari mbaya vipande vidogo vidogo kama muhogo wa mtoto, na kila mmoja anayeipokea anakata tena, mpaka ikifika kwa mwenyewe imebaki kama punje ya ufuta.

Jendele

Siku ya pili tuliondoka mapema. Njia ya Jendele ina vichaka na majabali, na miti mikubwa michache iliyosalimika. Kwenye mti mmoja Fundi akasimama ghafla, nusura nimpande mgongoni.

"Usiseme."

Kama vile yeye angesikia!

Juu kulikuwa na tundu kwenye shina, limezibwa kwa udongo, pamebaki ufa wa kupitisha kidole. Na ndani ya ufa mdomo mwekundu unachungulia. Fundi akanieleza: hondohondo. Jike likitaka kutaga linaingia tunduni, linazibwa, halitoki mpaka watoto wakue. Dume ndo linaleta chakula, asubuhi mpaka jioni, na kulisha kwa ule ufa.

"Dume limekwenda," akasema. "Tungoje lirudi, nataka nikuoneshe."

Tukakaa. Ilikuwa kama saa tatu ya asubuhi. Punde gari la Uroa likaja kutoka mjini, lile la bodi ya mbao, limejaa watu, magunia na kuku. Likasimama. Dereva akatoa kichwa:

"Kombo! Mpandishe mzee, mnafanya nini hapo?"

"Tunatizama ndege!"

Watu wakacheka garini. Bibi mmoja wa makamo, mtu wa Uroa, hakucheka. Alikuwa kakaa ubaoni upande wetu, akainama kunitizama.

"Huyo si baba yake Zuwena? Mwambie apande. Zuwena anamuuliza kila siku."

"Anaendeleaje?"

"Hajambo," akasema yule bibi. "Hawezi kidogo." Na mikono yake ikawa inakunja ncha ya kanga, inakunjua, inakunja.

Mikono niliiona. Hapa siongezi. Mimi bingwa wa kutia chumvi Unguja nzima, nlionjeshwa chakula kisichokuwa na chumvi hata chembe nkasema kitamu. Nkamgusa Fundi bega, nkamuonesha gari. Akatikisa kichwa bila ya kulitizama, kidole juu: "Ngoja, linarudi, linarudi." Nkamwambia dereva nendeni, sisi tutafika. Gari likaondoka.

Dume halikurudi mpaka jua liko utosini. Lilikuja na tunda kinywani, likajibandika kwenye shina, likalipitisha kwenye ufa. Ule mdomo wa ndani ukapokea. Likatoa jengine kooni, likalipitisha. Jengine tena. Nlihesabu mpaka nkapotea.

Fundi machozi yalikuwa yanamtoka anatabasamu.

"Kajifungia mwenyewe," akasema. "Kakubali kula kwa huyu tu. Na huyu hachoki. Basi mtu utasemaje?" Akasimama, akaikung'uta kanzu. "Nimeyapata, Kombo. Nkifika mlangoni ntamwambia: Zuwena mwanangu, nimekuwia radhi, wewe na mumeo, duniani na akhera. Yatosha hayo?"

"Yatosha!" nkampigia kelele. "Yamezidi!"

Akatembea kuanzia hapo kama kijana.

Chwaka

Chwaka tulifika baada ya Alasiri, maji yametoka, pwani tupu mpaka upeo wa macho. Kitwitwi, vile vindege vya pwani, walikuwa wengi kuliko mchanga. Wanakwenda mbio, wanachoma tope, wanakwenda mbio tena, na kila mara kundi zima linaruka kwa pamoja, linageuka, jeupe, jeusi, jeupe, kama mtu anakung'uta shuka. Fundi alinionesha vifua vyao vishaanza kuwa vyekundu.

"Hawa wiki hii wanaondoka, wanakwenda kwao mbali huko kaskazini. Tizama wanavyokula, hawanyanyui vichwa. Aliyeshiba atafika, asiyeshiba ataangukia njiani."

Tulipewa pa kulala na mzee mmoja karibu na msikiti. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nkamwambia Uroa, kwa Simai. Akaingia ndani, akatutolea pweza wa nazi na mkate wa kumimina, tena yeye mwenyewe akamnawisha Fundi mikono, mtu mzima kwa mtu mzima. Nkamshukuru, akasema, "Usinishukuru, ndugu yangu. Kuleni mpate nguvu." Nkamuona mkarimu. Nimekwambieni, njia ile nlikuwa mjinga kupita kiasi. Pweza wake lakini alikuwa laini.

Marumbi na Uroa

Siku ya tatu tulishika njia ya pwani. Pale Marumbi wanawake walikuwa wanafukua makumbi ya nazi waliyoyazika mchangani, wanayapiga kwa magongo wapate usumba wa kusokotea kamba. Magongo yanakwenda pamoja, tap, tap, tap, na nyimbo juu yake. Fundi alikuwa hatua ishirini mbele, anatizama kundi la kitwitwi lililotua kwenye mwani.

Mmoja wa wale wanawake akaona kanzu na kofia.

"Mnakwenda msibani kwa Simai?"

"Msiba gani?"

Magongo yakanyamaza, moja baada ya moja.

"Mkewe Simai, Zuwena. Kafariki jana Adhuhuri, kazikwa Alasiri. Hamkuambiwa? Alikuwa kalala siku nyingi, maskini, tangu mtoto alipotoka amekufa. Kwani yule ni nani wake?"

"Baba yake."

Wale wanawake wote wakajitanda kanga zao vichwani. Kufunika tu, kama upepo umepita mmoja. Na Fundi wakati ule ule aligeuka nyuma akawaona.

"Wamesema nini?"

Nyinyi mnanijua. Mimi naweza kutunga habari ya papa aliyepanda mnazi na sijapepesa jicho. Pale nkaambulia hili tu: "Wanasema kitwitwi mwaka huu ni wengi."

Alinitizama. Akawatizama wale wanawake, magongo yamelala mchangani. Kisha akageuka akaanza kwenda, kanzu kaikusanya mkononi, na kutoka Marumbi mpaka Uroa hakutizama ndege hata mmoja. Wakaruka mbele yake, wakatua, wakaruka. Hakunyanyua kichwa. Nkamfuata, nasema kila hatua: nikifika kwenye ule mvinje ntamwambia, nikifika kwenye ile ngalawa iliyopinduliwa ntamwambia.

Nyumba ya Simai ilikuwa na mikeka nje, na wanaume wamekaa. Fundi akasimama mbali. Akanigeukia, akanitizama mdomoni. Sikuufungua.

"Lini?" akasema.

Nkanyanyua kidole kimoja, nkakirudisha nyuma ya bega. Jana.

"Saa ngapi?"

Nkaelekeza juu, utosini.

Alifahamu. Nliona akifahamu. Nliona uso wake ukirudi Jendele, chini ya ule mti, ukihesabu. Ile sufuria ikamponyoka, ikabingirika mchangani, na mmoja katika wale wanaume akaiokota akaipangusa akawa hajui aiweke wapi.

Simai alikuja. Mtu mrefu, mwembamba, macho yamevimba. Akainama akambusu Fundi mkono. Fundi hakuuondoa.

Mkekani Simai akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, na haya ni maneno yake, sikuongeza hata nukta:

"Juzi na jana kila gari likifika alikuwa anataka niulize, hamkumpita baba yangu njiani? Alijua anakuja, yule mtu wa pweza alituletea habari. Jana Bi Mtumwa kashuka garini akaja moja kwa moja. Akasema tumempita Jendele, hajambo, mzima. Zuwena akauliza anafanya nini. Bi Mtumwa akasema, kakaa chini ya mti anatizama ndege. Basi Zuwena akacheka. Siku tatu alikuwa hajacheka. Akasema, 'Huyo ndiye baba. Akimaliza atakuja. Msimharakishe.' Haikupita hata saa mbili."

Nkamtizama Fundi, kakaa upande wa pili wa mkeka katikati ya watu wanaosoma khitma, hajui wamefika wapi, anatizama midomo. Maneno haya ya Zuwena yalikuwa mali yake na sikuweza kumpa, maana kumpa ni kupiga kelele, na ndani wanawake wanalia.

Tukamchukua makaburini, mimi na Simai. Kaburi liko chini ya mivinje, mchanga bado mbichi. Hapo hapakuwa na mtu. Nkaweka mdomo wangu sikioni mwake nkayapiga kelele yote, Jendele, Bi Mtumwa, kucheka, "msimharakishe." Mara mbili. Na nlipomaliza hayo nkampigia kelele na lile jengine: kwamba habari ilipokuja ilisema hawezi, kalala, na mimi nkaimeza kwa sababu ya majirani.

Alinisikiliza. Sijui alisikia kiasi gani. Alinishika mkono wangu akaubana, sijui kwa msamaha au kwa kutaka asianguke, kisha akauachia.

Akaligeukia kaburi. Akasimama sawasawa. Akavuta pumzi, na nkaiona midomo yake inasema. Zuwena mwanangu. Nliisoma. Nimekuwia radhi. Mishipa ya shingo ilimsimama. Wewe na mumeo. Duniani na akhera. Yote aliyasema, hakusahau hata moja.

Lakini sauti haikutoka.

Wallahi haikutoka. Hapa ndugu zangu siongezi. Upepo tu kwenye mivinje. Mtu yule aliyetutia aibu Mwera, aliyesikika mpaka Kizimkazi, hakutoa hata mnong'ono, na mwenyewe hajui. Akamaliza, akafuta uso kwa viganja, akatugeukia.

"Imetoka?" akauliza. Na hiyo ilitoka, kubwa. "Ilisikika?"

Nkamtizama Simai na Simai akanitizama. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye haki ya kusema, mke ni wake, radhi ilikuwa yake pia. Simai akamsogelea karibu, akaufungua mdomo wazi, polepole, ili mzee auone:

"Imesikika, baba."

"Imesikika, Fundi!" nkapiga kelele. "Uroa nzima!"

Akaitika kwa kichwa. Akamshika Simai bega, kwa mara ya kwanza, tukarudi nyumbani.

Siku ya nne tulipanda gari. Hatukukaa hata saa mbili tuko Darajani. Fundi hakuchefukwa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sijamuuliza sheikh yeyote kama radhi ya midomo mitupu inamfika mtu, naogopa jibu. Nyinyi fanyeni mnavyojua, lakini neno hili lisivuke kwenye kahawa. Kila asubuhi nampelekea Fundi kikombe chake karakana. Anagonga, anagonga, halafu anaiweka nyundo.

"Kombo. Siku ile. Ilikuwa kubwa au ndogo?"

"Kubwa," namwambia.

Ananitizama mdomoni kidogo. Na mimi nasema tena, wazi, polepole: kubwa.